Weber mbili kwenye Datsun 1600: jeti ziliachwa mwisho

Gari ni Datsun 1600 ya mwaka 1971, ile boksi ya milango minne, injini L16 ya cc 1595, na mwenyewe ni mzee mmoja wa Ganjoni hapa Mombasa anayeitunza kuliko anavyojitunza yeye. Kabureta ya Hitachi iliyokuja na gari ilitolewa, zikapachikwa Weber 40 DCOE mbili za kulala ubavuni zilizonunuliwa Nairobi pamoja na manifoldi yake (yale mabomba yanayoziunga na injini), na toka hapo gari ikawa haina raha. Sailensa, yaani mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta, inapanda na kushuka yenyewe, ukigusa mafuta kidogo kidogo inapiga chafya kupitia mdomo wa kabureta, ukikanyaga yote inashika alafu ikifika juu inaishiwa. Lakini kilichomtoa mzee nyumbani hasa ni Likoni. Akiingia foleni ya feri akazima, akija kuwasha haiwaki, na ukifungua boneti ni harufu ya petroli tupu. Siku hizi kuna njia ya Dongo Kundu, ila yeye kazoea feri na hataki kusikia.

Kabla haijafika kwetu ilikuwa imepitia gereji nyingine, na huko kazi yote iliyofanywa ni jeti, vile vishaba vyenye tundu vinavyopimia mafuta ndani ya kabureta. Ikitoa moshi mweusi wanaweka ndogo, ikikohoa wanaweka kubwa, mwisho wakamrudishia zile zile zilizokuja nazo wakamwambia hizi Weber hazifai mjini. Mzee akanambia, "Mwanangu, kama hazifai nirudishie ile moja ya zamani, mimi si wa kushindana na mtu." Nikamwambia mzee wangu subiri kwanza, tutoe plagi tuzione.

Na hapo kwenye plagi ndipo kisa chote kilipo, kwa hivyo nitakaa hapo kidogo. Plagi ya silinda ya 1 na ya 2 zilikuwa nyeupe, kavu, zimeungua kwa kukosa mafuta. Ya 3 na ya 4 nyeusi kwa kuzidiwa mafuta, ya 4 ilikuwa na majimaji ya petroli kabisa. Sasa jiulize, kabureta ya mbele inalisha 1 na 2, ya nyuma inalisha 3 na 4, jeti ni za namba moja zote nne, tulizitoa tukazisoma. Kama shida ingekuwa jeti basi plagi zote nne zingekuwa na rangi moja, zote nyeupe au zote nyeusi. Ukiona mbili zinalia njaa na mbili zinazama, ujue kuna kitu kimoja kinaingiza hewa mbele na kitu kengine kinamwaga mafuta nyuma, na hakuna jeti duniani itakayotibu hayo mawili kwa pamoja. Ndio maana kule walikuwa wanazunguka tu, kila wakipunguzia 3 na 4 wanazidi kuzinyima 1 na 2.

Mambo ya mwanzo tuliyapita haraka. Kompresheni ilikuwa sawa silinda zote, valvu tukaziseti injini ikiwa moto, 0.25 mm za kuingiza na 0.30 za kutoa, pointi za distributa zikasafishwa zikawekwa nusu milimita. Kebo za plagi nzuri. Dipstiki ilikuwa inanuka petroli, na hiyo ni dalili mbaya maana petroli inayozama silinda ya 4 inateremka na ukuta inaosha oili mpaka inaingia chini kwa sampu, ukiendelea hivyo utaua beringi za krenki ukidhani unapigana na kabureta. Oili ikamwagwa yote. Tulipomaliza kila kitu tukamwaga tena ile mpya pia, nzito hiyo kwa mfuko lakini afadhali.

Tukaanza na upande wa nyuma kwa sababu petroli inayomwagika karibu na eksozi sio jambo la kulala nalo. Ile pampu ya asili ya L16 ni ya kusukumwa na injini yenyewe, inatoa presha ya kama psi 2.6 mpaka 3.4, na Weber za aina hii zinataka karibu na hapo hapo, 2.5 mpaka 3, ukipita 3.5 unatafuta balaa. Mzee alikuwa ameshauriwa kwamba kabureta mbili zinataka pampu ya umeme, akanunua moja dukani, ikafungwa huko nyuma karibu na tangi. Tukaunga geji. Inasoma karibu na 6! Sindano ya kabureta, ile inayofunga mafuta boya likipanda, haiwezi kushindana na 6, inasukumwa inafunguka na mafuta yanaendelea kupanda mpaka yanamwagikia kwa injini.

Ya mbele ilikuwa inajitahidi kwa sababu sindano yake ni nzuri. Ya nyuma sindano ilikuwa imeliwa na kwenye bakuli kulikuwa na ule unga mweupe tunaoujua sote tunaokaa pwani, maji yakikaa ndani ya kabureta na chumvi hii yetu basi aluminiamu inaoza inakuwa kama chokaa, na vile vishaba vya jeti vinapiga kijani. Kabureta zikafunguliwa zote mbili mpaka kipande cha mwisho, zikaoshwa, sindano mpya, boya zikasetiwa. Hizi zilikuwa na boya za shaba, kwa hizo unapima 8.5 mm kutoka kwa gasketi ya kifuniko mpaka boya ukiwa umesimamisha kifuniko, na boya likining'inia chini kabisa 15 mm. Kifuniko kisimamishwe wima na kile kijipira cha springi cha sindano kisibonyezwe, wengi wanakilaza boya linabonyeza springi na kipimo chote kinakuwa uongo.

Pampu ya umeme ikatoka. Mzee alisita kidogo, alikuwa ameilipia, lakini mbali na presha ile pampu ilikuwa imeungwa moja kwa moja na swichi ya gari bila kitu cha kuikata, yaani gari ikigonga na swichi iko wazi inaendelea kumwaga petroli. Ya asili ikarudi na diaframu mpya. Geji ikasoma 3 kasoro kidogo. L16 ya barabarani yenye Weber mbili haimalizi pampu ya asili, hayo maneno ya lazima umeme ni ya watu wa mashindano.

Sasa mbele, kwenye hewa. Hapa tulitumia chupa ya kunyunyizia maji, ile ya kinyozi. Najua wengi wanatumia dawa ya kusafishia kabureta au petroli kwenye bomba la sindano na inafanya kazi, ila L16 ina jambo lake moja, manifoldi ya kuingiza na ya eksozi ziko upande mmoja wa hedi, moja juu ya nyengine, sasa ukinyunyizia kitu kinachowaka hapo unakinyunyizia juu ya chuma cha eksozi chenye moto. Maji hayana hatari hiyo. Ukilenga palipo na tundu, maji yanaziba kwa sekunde chache na mlio wa injini unabadilika unasikia kabisa. Tukapitisha chupa kwenye viungo vyote, kwenye shafti za batafulai (vile vibamba vinavyofungua koo la kabureta ukikanyaga mafuta) kimya, kwenye kabureta na manifoldi kimya, tulipofika kwenye flenji, pale manifoldi inapobana kwenye hedi, ya silinda ya 1 na ya 2 injini ikatulia ghafla kama haijawahi kuumwa. Ndio hapo.

Kwa nini pale? Kwa sababu kwenye injini za L-series, ukoo wa hii L16, gasketi ni moja tu ya manifoldi zote mbili, na kuna stadi (boliti zilizosimama kwenye hedi) za katikati ambazo wosha yake nene inakaa nusu juu ya flenji ya kuingiza na nusu juu ya flenji ya eksozi, inabana zote kwa pamoja. Ikiwa flenji mbili hizo zina unene mmoja wosha inalala sawa na kila upande unabanwa. Manifoldi ile ya Weber iliyotoka Nairobi flenji yake ilikuwa nyembamba kuliko ya eksozi ya asili, tulipima kwa venia ni kama milimita moja, basi wosha ikawa imekaa upande, imekandamiza eksozi na kuacha ile ya kuingiza inapumua. Unaweza kukaza nati mpaka stadi ikatike kwenye hedi na bado itavuta hewa. Halafu ukiitazama kwa macho huoni kitu, wosha inaonekana imebana. Mtu asiyeijua L16 atabadilisha gasketi nne na bado.

Dawa yake ni rahisi ukishajua. Tulipeleka wosha kwa mkerezaji Shimanzi akazikata ngazi, upande wa kuingiza ukabaki mnene zaidi kwa ile milimita, na tukapitisha flenji za manifoldi zote kwenye mashine uso ukawa bapa maana ya eksozi ilikuwa imepinda kwa moto wa miaka. Gasketi mpya, tukakaza kuanzia katikati kwenda pembeni. Pia busta ya breki, ambayo iliongezwa kwenye hii gari baadaye, mpira wake ulikuwa umetobolewa kwenye njia ya silinda ya 2 pekee na valvu yake ya kuzuia ilikuwa imechoka, kwa hivyo silinda hiyo ilikuwa inapata hewa ya ziada kutoka sehemu mbili. Valvu ikabadilishwa.

Ukisoma mpaka hapa utaona hatujagusa jeti hata moja. Gari ikawashwa, sailensa imetulia, plagi zikatoka nne rangi moja baada ya kuzungushwa mpaka Nyali na kurudi. Rangi moja ila nyeupe zote. Na hapo sasa, wakati zote nne zinasema neno moja, ndio halali kuuliza habari ya jeti.

Na jibu liko kwenye mahali zilikotoka. Nairobi iko juu kama mita 1,700, hewa ya huko ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko yetu ya hapa usawa wa bahari. Kabureta haipimi uzito wa hewa, inavuta mafuta kwa kasi ya hewa inayopita, kwa hivyo ikisetiwa vizuri Nairobi ukiiteremsha Mombasa hewa inaongezeka kuliko mafuta, na injini inakuwa na njaa ya asilimia 6 mpaka 8 hata ukihesabu joto letu linalopunguza uzito wa hewa kidogo. Ndio maana gari ya Nairobi ya kabureta ikishuka huku inakuwa na nguvu lakini inagonga gonga, na ya huku ikipanda inatoa moshi mweusi ikishapita Voi na kuendelea kupanda. Watu wa injeksheni hawajui taabu hizi.

Ndani ya hizi Weber kulikuwa na venturi za 34 na jeti kuu za 130. Hesabu ya haraka ya mafundi ni kwamba jeti kuu iwe kama mara nne ya venturi, 34 mara nne ni 136, basi 130 ilikuwa sawa kwa Nairobi na huku ilitakiwa 135. Fundi wa haraka angeagiza 135 akamaliza. Lakini tatizo la mzee sio juu tu, ni kule chini anakogusa mafuta kidogo, na 34 ni kubwa mno kwa L16 ya asili isiyobadilishwa kemshafti, ile shafti inayofungua valvu. Venturi ni ule mbano ndani ya koo la kabureta, ni kama kidole unachoweka kwenye mdomo wa mpira wa maji, ukibana kidogo maji hayaruki. Koo likiwa pana hewa inapita polepole kwenye mizunguko ya chini, mvuto unakuwa hafifu na jeti kuu inachelewa kuanza kutoa mafuta, hapo katikati injini inabaki inategemea vile vitundu vidogo vya pembeni ya batafulai ambavyo navyo vinalishwa na jeti ya sailensa. Ukishindwa kuvuka hapo ndio ile chafya.

Kwa hivyo tukaagiza venturi za 32. Na angalia sasa, 32 mara nne ni 128, basi zile jeti kuu 130 zilizolaumiwa na kutolewa na kurudishwa zikawa ndizo zenyewe, hazikubadilishwa. Jeti za hewa 180 zikabaki, tyubu F11 za kuchanganya hewa na mafuta zikabaki. Kwa upande wa jeti zilizonunuliwa ni za sailensa tu, kutoka 45F9 kwenda 50F9, maana hizo ndizo zinazobeba gari mjini, mwendo wa Digo Road na Moi Avenue gia ya pili na ya tatu unaendeshea jeti ya sailensa, hiyo kuu unaikuta ukishatoka Miritini.

Kulinganisha kabureta mbili ni kazi inayoogopwa bure. Ondoa linki inayoziunganisha kwanza, usilinganishe kitu kimefungwa pamoja. Kila kabureta ifunge batafulai yake kabisa, skrubu ya sailensa ikigusa iongeze nusu mzunguko, isizidi mzunguko mmoja, ukizidi batafulai inafunua vile vitundu mapema na kila utakachoseti baadaye kitakuwa na kasoro. Skrubu za mchanganyiko toa mzunguko mmoja na nusu. Washa, iwe moto kabisa, pima hewa ya kila koo kwa geji ya hewa, na kama huna chukua kipande cha mpira mwembamba, upande mmoja sikioni upande wa pili kwenye koo, sikio la fundi linatosha. Pima makoo mawili ya kabureta moja pia, sio kabureta kwa kabureta tu, maana shafti za DCOE zinapinda zikikanyagwa na pedali isiyo na kizuizi, koo moja linafunguka kabla ya mwenzake. Hizi za mzee zilikuwa salama, tukamwekea kizuizi chini ya pedali zibaki hivyo, na springi ya pili ya kurudisha ili moja ikikatika gari isimkimbie kule Nyali Bridge. Kisha rudisha linki, pima tena kwenye mizunguko 1500 hivi. Sailensa ikakaa 850. Taimingi tukaweka nyuzi 12 kwa sababu vakyumu ya distributa haina pa kuungwa kwenye hizi Weber na bila hiyo injini inataka kuanza mbele kidogo.

Likoni sasa. Presha iliposhuka nusu ya tatizo iliondoka, nusu ya pili ni ule ubavu mmoja niliosema, kabureta zimekaa juu ya eksozi. Ukiwa unaenda upepo unapoza, ukizima kwenye foleni mchana joto lote linapanda na petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 40 tu hivi, inachemka ndani ya bakuli inafurika kwenye makoo. Tulikata shiti ya aluminiamu ikakingwa kati ya eksozi na kabureta, imeachwa nafasi pande zote mbili ipitishe hewa, tukaweka vipande vya bakelaiti kati ya kabureta na manifoldi visipitishe joto, na wosha zake za springi tukaacha nafasi ya milimita moja zisikazwe mpaka mwisho, kabureta zinatakiwa zitikisike kidogo la sivyo mtetemo wa injini unatia povu mafuta kwenye bakuli. Sai akizima kwenye foleni anawasha, saa nyengine saa nane mchana inataka izungushwe mara mbili na mguu umekanyaga pedali nusu, lakini inawaka. Siwezi kusema imepona kabisa, kwa hewa hii na injini ya muundo huu sidhani itapona kabisa.

Mimi binafsi nilimwambia toka mwanzo kwamba ingekuwa yangu ningetafuta zile Hitachi mbili za mm 38 za SSS (toleo la kasi la gari hii hii), za pistoni inayopanda yenyewe na sindano, zinajirekebisha na mvuto, hazina hizi habari za venturi, mjini ni laini. Akanambia anataka gari kama ile iliyoshinda Safari Rally. Nikamkumbusha kwamba Datsun aliyoshinda nayo Edgar Herrmann na Hans Schüller mwaka 1970 ni hiyo hiyo 1600 SSS, na SSS ikitoka kiwandani ina zile Hitachi mbili. Mzee akacheka, akasema, "Sawa, lakini hazilii hivi." Ni kweli, hazilii hivi. Ukifungua Weber kwenye ule mwinuko wa Mazeras unaelewa mtu anapotezea nini pesa, na mimi pia huwa najitolea kuijaribu gari hii bila kuulizwa mara mbili.

Yaliyobaki ni filta, maana ilikuja na zile tarumbeta wazi na mchanga wa huku ukiingia hivyo ringi hazimalizi mwaka, tumeweka za sponji zenye oili ila ya nyuma imebanana na bomba la maji na inabidi itafutiwe nyembamba. Nati za manifoldi atarudi zikazwe upya injini ikiwa baridi akishatembea wiki mbili tatu, gasketi mpya hulala. Ameanza kuuliza habari ya kemshafti ya mashindano, nimemwambia tukibadilisha hiyo tunarudi tena kwenye venturi na jeti, basi amesema atafikiria baada ya Ramadhani.